Swali si nyumbani au ofisini

"Dokta, mfanyakazi anaridhika zaidi wapi, nyumbani au ofisini?" Mashefu wa Lubumbashi wamenichosha na swali hili, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeniambia mfanyakazi mwenyewe anaishi nyumba gani.

Chukua mhasibu anayeishi mtaa wa Hewa Bora. Kompyuta ya kampuni ameiweka kwenye meza ya kulia chakula. Umeme wa SNEL unakatika kabla ya saa sita, jenereta ya jirani inaanza kunguruma nyuma ya ukuta, watoto wa lupango wanarudi kutoka shule, na mega za intaneti ananunua kwa pesa yake. Kisha simu inalia: ripoti iko wapi?

Nikilisema hili, natajiwa utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya usafiri ya Ctrip, Shanghai, wa 2010 hadi 2011. Ni kweli, kwa miezi 9 waliobaki nyumbani walizidisha kazi kwa asilimia 13, waliridhika zaidi, na idadi ya walioacha kazi ilipungua kwa nusu. Lakini someni masharti! Walijitolea wenyewe. Kila mmoja alipaswa kuwa na intaneti ya kasi na chumba chake cha kufanyia kazi, na siku 1 ya wiki walirudi ofisini. Pamoja na hayo yote, jaribio lilipokwisha karibu nusu yao waliomba kurudi, wengi kwa sababu ya upweke. Tena walipandishwa cheo mara chache kuliko wenzao wa ofisini wenye matokeo sawa. Kumnyima mtu chumba, umeme na hiari, kisha kudai matokeo ya Shanghai, ni kumwonea.

Wengine hunijibu kwamba yote tuliyaona Machi 2020, mji ulipofungwa kwa saa 48 kwa sababu ya korona. Ile ilikuwa karantini, haipimi chochote.

Anayetaka kufanya jambo, afanye hivi. Muulize mfanyakazi kwanza. Anza na siku 2 nyumbani: kampuni ileile ya Shanghai ilijaribu hivyo kwa wafanyakazi zaidi ya 1,600, na matokeo yaliyotolewa 2024 yalionyesha walioacha kazi wamepungua kwa theluthi, bila kupoteza vyeo. Lipa mega na betri. Andika saa za kazi kwenye mkataba, simu za usiku zikome. Na asiyetaka kubaki nyumbani, arudishiwe meza yake ofisini wiki hii.