Rangi ya Buluu na Vidonda Visivyosikia Dawa

Katika maabara ya kifua kikuu, hapa Kindu kama kwingineko, fundi huchukua kipande cha kioo kilichopakwa makohozi, akakimiminia fuksini nyekundu na kukipasha moto, akakiosha kwa asidi, kisha akamalizia kwa buluu ya methilini, ili vijidudu vya kifua kikuu, vilivyoushikilia wekundu wao, vidhihirike katika uwanja wa buluu. Rangi hiyo hiyo, aliyoitengeneza Heinrich Caro huko Ujerumani mwaka 1876, na ambayo Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891, ina sifa nyingine ninayotaka wasomaji wa Maniema waitambue: ikiangaziwa, huua vijidudu.

Asili ya ilimu hii ni Munich, ambako mwanafunzi wa utabibu Oscar Raab alieleza mwaka 1900 kwamba viumbe vidogo vya majini vilivyotiwa rangi ya akridini hufa upesi mwangani, ilhali gizani huendelea kuishi. Na mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, akathibitisha kwamba pasipo oksijeni athari hiyo haipatikani. Rangi huipokea nuru, ikaikabidhi nguvu yake oksijeni iliyo karibu, nayo oksijeni, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ikawa kali mno, ikaunguza mafuta ya utando wa kijidudu, protini zake na hata maumbile yake ya urithi. Penisilini huzuia ujenzi wa ukuta wa kijidudu, basi kijidudu kilichopata kimeng'enya cha kuikata penisilini kimesalimika. Lakini kinachounguzwa pande zote kwa mara moja, ni vigumu mno kwake kujizoeza kinga, hata kiwe kimekwisha kuzishinda dawa zote za dukani.

Na ushindi huo si jambo dogo, kwani mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kupita wengine.

Hata hivyo ni dhuluma kumhadaa mgonjwa. Nuru haipenyi mwilini ila milimita chache, hata ile nyekundu ya nanomita 660 hivi inayoiafiki buluu ya methilini. Kwa hiyo homa ya matumbo na sumu iliyoingia damuni hazihusiki nayo, bali vidonda, ufizi na ngozi. Katika Hospitali Kuu ya Vancouver, Kanada, wagonjwa zaidi ya 3,000 walipakwa rangi hiyo puani na kuangaziwa kabla ya upasuaji, pamoja na kupanguswa mwili kwa klorheksidini, na maambukizo ya majeraha yakapungua.

Kwetu, ambako umeme hukatika lakini betri ya sola yatosha kuwasha taa ndogo, naona wajibu wa matabibu na Chuo Kikuu cha Kindu kuifanyia tiba hii ya rangi na nuru majaribio ya taratibu na ya hadhari. Nawe msomaji, usijipake rangi hiyo ukaota jua, wala usiinywe, kwa maana wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao ni wengi katika nchi za malaria, yaweza kuwavunja chembe za damu. Kidonda kisichopona kipeleke kwa tabibu.