Dhima na Mustakabali wa Majukwaa ya Kitaifa ya Usimamizi wa Intaneti: Mifano ya Kenya na Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhima ya majukwaa ya kitaifa ya usimamizi wa intaneti na kujadili mustakabali wake nchini Kenya na Tanzania. Hoja ya msingi ni kwamba thamani ya majukwaa hayo haimo katika kutoa maamuzi, kwani hayana mamlaka hayo, bali katika kuwafanya wenye mamlaka waeleze maamuzi yao mbele ya wale wanaoathiriwa nayo. Pale ambapo maelezo hayo hayatolewi, jukwaa hubaki kuwa mkutano tu.

1.0 Utangulizi

Usimamizi wa intaneti ni dhana inayohusu kanuni, taratibu na maamuzi ya pamoja yanayoongoza ukuaji na matumizi ya mtandao huo. Kwa mujibu wa Ajenda ya Tunis ya mwaka 2005, kazi hiyo ni ya serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia, kila upande kwa nafasi yake. Msingi wa mtazamo huu ni hali halisi ya intaneti yenyewe. Nchini Kenya, kwa mfano, majina ya kikoa cha .ke husimamiwa na KeNIC, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, sheria hutungwa na Bunge, na nyaya nyingi humilikiwa na kampuni. Hakuna mmoja miongoni mwa hawa anayeushika mtandao wote. Kwa hiyo, swali la nani aamue nini haliwezi kujibiwa na upande mmoja.

2.0 Chimbuko

Majukwaa haya yanatokana na Mkutano wa Kilele wa Dunia kuhusu Jamii ya Habari, uliofanyika Geneva mwaka 2003 na Tunis mwaka 2005. Aya ya 72 ya Ajenda ya Tunis ilimwomba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aitishe jukwaa la majadiliano ya wadau wote. Jukwaa la kwanza la dunia lilifanyika Athens mwaka 2006. Muda wake uliongezwa kwa miaka 5 mwaka 2010, kisha kwa miaka 10 mwaka 2015.

Ajenda hiyo haikuagiza kuundwa kwa majukwaa ya kitaifa. Yalianzishwa na wadau wa nchi husika. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo: jukwaa lake la kitaifa lilianza mwaka 2008 kwa uratibu wa mtandao wa wadau wa KICTANet, na jukwaa la Afrika Mashariki lilifanyika Nairobi mwaka huohuo. Mwaka 2011 Nairobi ikawa mwenyeji wa jukwaa la dunia.

3.0 Dhima

Haja ya majukwaa haya inaonekana wazi katika tukio lililotangulia kuundwa kwake. Mwaka 2000, watoa huduma za intaneti nchini Kenya walifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP. Kabla ya hapo, ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi uliweza kupelekwa ng'ambo kwa setilaiti na kurudishwa, kwa gharama kubwa. Kampuni ya Telkom Kenya ililalamika kwamba kituo hicho kiliingilia haki yake ya pekee, na mdhibiti akaamuru kifungwe katika muda wa wiki chache. Kilirejea kufanya kazi mwaka 2002, baada ya wadau kumweleza mdhibiti kwa kina namna kilivyofanya kazi na kupata leseni.

Tukio hilo linadhihirisha dhima tatu. Kwanza, kuelimishana: mdhibiti huhitaji ujuzi wa mafundi kabla ya kuamua. Pili, kuibua mgogoro mapema, ilhali bado unaweza kusuluhishwa kwa mazungumzo. Tatu, kuwajibishana: anayeamua hukutana na anayeathirika na kutoa sababu zake.

4.0 Mipaka

Hata hivyo, maamuzi mazito zaidi huendelea kufanyika nje ya majukwaa. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini Tanzania. Kabla ya mwezi huo kwisha, Jukwaa la Afrika la Usimamizi wa Intaneti lilifanyika Dar es Salaam. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nchini Kenya, tarehe 24 Juni 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba haikukusudia kuzima intaneti. Siku iliyofuata, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yakiendelea, huduma ilizorota sana, na kampuni za simu zikataja hitilafu ya nyaya za baharini.

Matukio haya yanaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba majukwaa hayana faida, au kwamba yapewe nguvu ya kisheria. Hitimisho la kwanza linasahau kwamba bila jukwaa hakuna mahali pa kudumu ambapo mdhibiti, kampuni na mwananchi huulizana maswali ana kwa ana. La pili lina hatari yake: maazimio yakifunga, kila mjumbe atakuja na maelekezo ya mwajiri wake, na uwazi ambao ndio mtaji wa jukwaa utatoweka.

5.0 Mustakabali

Njia iliyo kati ya hizo mbili ina mambo matatu. La kwanza ni ufuatiliaji. Kila pendekezo lielekezwe kwa taasisi inayotajwa, taasisi hiyo iombwe jibu la maandishi, na jibu hilo, au ukimya wake, lisomwe katika kikao cha mwaka unaofuata. Utaratibu huu hauhitaji sheria mpya.

La pili ni lugha. Tanzania iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mwananchi asiyejua tofauti kati ya mkusanyaji na mchakataji wa taarifa binafsi hawezi kudai haki yake kwa yeyote kati yao. Istilahi hizo zitaenea iwapo mijadala yenyewe itaendeshwa kwa Kiswahili, badala ya kutafsiriwa baada ya kwisha.

La tatu ni fedha. Jukwaa linalotegemea mfadhili mmoja, awe mdhibiti au kampuni, huona ugumu wa kumhoji. Michango ya wengi, yenye kiwango cha juu kilichowekwa na kutangazwa hadharani, hupunguza utegemezi huo.

6.0 Hitimisho

Jukwaa la kitaifa halipaswi kupimwa kwa idadi ya washiriki wala kwa wingi wa maazimio. Kipimo kinachofaa ni maswali mangapi yaliyoulizwa yamepata majibu. Kwa kipimo hicho, swali la kwanza kwa majukwaa ya Kenya na Tanzania ni lile lililoachwa na Juni 2024 na Oktoba 2025: nani aliamua au nini kilitokea, kwa sababu gani, na kwa mamlaka ya sheria ipi.