Bunduki ya Kichakani

Wenzangu, nilizaliwa Koboko, mpakani mwa Kongo na Sudani Kusini. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari wengi walikimbia kupitia kwetu na silaha zao. Vita vikafuata, mpaka waasi wa UNRF II walipotia sahihi mapatano huko Yumbe, mwaka 2002. Lakini silaha nyingine zilibaki porini.

Siku moja baada ya amani, tulipokuwa tukichunga mbuzi, tuliona bunduki kichakani. Mwenzangu alitaka kuiokota. “Haina kasha la risasi,” alisema, “ni tupu.” Nikamshika mkono. Baba alikuwa amenifundisha kwamba kasha likitolewa, risasi moja huweza kubaki ndani ya bunduki. Tukamwita baba, naye akawaita polisi. Kweli, walitoa risasi moja.

Basi, ukiona silaha usiiguse wala usiitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, ukamwambie mkubwa. Na mwenye bunduki ya kibali aifungie kwa kufuli, risasi aziweke mbali nayo.

Leo nakaa Arua. Wanangu walijifunza hayo kabla ya kujua kuandika.