Mara ya pili kaskazini, mara hii peke yake

Juma hili tunawaletea safari ya mwenzetu mmoja aliyezunguka miji ya Denimaki, Uswidi na Norwei kwa majuma matatu, peke yake. Ametuomba tusiandike jina lake. Miji hiyo haikuwa mipya kwake. Miaka kadhaa iliyopita alipita kulekule na kundi la wamama, na muongozaji ndiye aliyeshika tiketi za wote. Mara hii alizishika mwenyewe.

Kabla hajaondoka, maneno yalikuwa mengi. Jamaa ya marehemu mume wake walisema mjane hatembei mbali hivyo bila mtu. Wengine, hata ndani ya likelemba yetu, walinong'ona: "Huyo harudi." Kwa hiyo tunaandika safari nzima, kwenda na kurudi.

Daraja juu ya bahari

Ndege ilimshusha Copenhagen, mji mkuu wa Denimaki. Treni inapita palepale kwenye uwanja wa ndege na kuvuka bahari hadi Malmö, Uswidi. Inaingia kwanza ndani ya handaki chini ya maji, inatokea kwenye kisiwa kilichotengenezwa na watu, halafu inapanda daraja la Øresund, lenye urefu wa karibu kilometa 8. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2000. Mara ya kwanza mwenzetu alivuka akiwa amesinzia katikati ya wenzake. Mara hii alikaa dirishani, mfuko kifuani, akihesabu vituo.

Göteborg, kwa mdogo wake

Kutoka Malmö, treni ilichukua muda wa saa tatu hivi hadi Göteborg, anapokaa mdogo wake na mume na watoto wawili. Alimkuta shemeji yake, mtu wa Uvira, yuko nyumbani na mtoto mchanga, anampikia uji. Mama ameenda kazini. Mwenzetu alicheka, kisha akaelezwa. Tangu mwaka 1974 sheria ya Uswidi inawapa baba na mama wote haki ya likizo ya mtoto. Leo ni siku 480 kwa kila mtoto, na siku 90 kati yake ni za kila mzazi peke yake. Baba asipochukua zake, hawezi kumpa mama, zinapotea. Ndiyo maana barabarani utaona wababa wengi wakisukuma watoto ndani ya vigari, na hakuna anayewashangaa.

Lakini mwenzetu hakuleta sifa tupu. Mdogo wake anasafisha maofisi tangu alfajiri. Mtoto mkubwa anaelewa Kiswahili, lakini anajibu kwa Kiswidi. Jirani wa mlango wa pili, hawajawahi kunywa naye chai. Siku za baridi giza linaingia kabla ya saa kumi za jioni.

Usiku wa tatu, wakila bugali na sombe ya barafu, mdogo wake alimwambia: "Dada, baki. Wengi wamebaki." Mwenzetu anasema hakulala usiku ule. Aliwaza watoto wake watatu Bukavu, na wasichana wanne wanaojifunza kushona kwake. Aliwaza pia wamama watakaoomba viza nyuma yake: mmoja akivunja ahadi, wengine wanatazamwa kwa shaka. Asubuhi alimwambia mdogo wake hapana, na wote wawili walilia.

Oslo: ukumbi ulioanza kwetu

Safari ya Oslo ni treni ya muda wa saa nne hivi. Zamani kundi lilipita mbele ya jumba la mji kwa bus, bila kushuka. Sasa aliingia. Ndani ya ukumbi ule, tarehe 10 Desemba 2018, Daktari Denis Mukwege alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Mwenzetu alisimama pale na kikwembe chake, akafikiri juu ya Panzi, hospitali iliyoanzishwa hapa kwetu mwaka 1999 kwa msaada kutoka Uswidi, na juu ya wamama wanaotibiwa pale. Hakuna aliyemharakisha.

Stockholm na Uppsala

Stockholm umejengwa juu ya visiwa 14. Alifika usiku, na hofu ilimshika. Lakini mwezi wa sita jua linazama huko karibu saa nne za usiku, akaona njia vizuri. Kesho yake aliona Vasa, meli ya mfalme iliyozama mwaka 1628 siku yake ya kwanza baharini, ikatolewa majini mwaka 1961.

Mwaka huohuo wa 1961, tarehe 18 Septemba, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa kwa ndege karibu na Ndola, akitafuta kusimamisha vita vya Katanga. Wazee wetu wanalijua jina lake. Amezikwa Uppsala, chini ya saa moja kwa treni kutoka Stockholm. Mwenzetu alienda, akasimama kidogo, akarudi.

Kwa anayetaka kusafiri

- Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu. Ya muda mfupi haipiti siku 90 ndani ya siku 180.
- Kila nchi ina krona yake. Euro si pesa yao. Bus za Stockholm hazipokei pesa za mkononi, na maduka mengi vilevile. Uwe na karte ya benki.
- Tiketi ya treni nunua mapema, bei ni ndogo.
- Maji ya bomba ni salama. Beba chupa yako.
- Ukipata hatari, piga 112. Norwei, kwa ugonjwa, piga 113.
- Kila jioni mwandikie mtu mmoja wa nyumbani pale unapolala.

Mwenzetu alifika Bukavu siku tatu kabla ya viza kuisha. Jumamosi, kisha kuchanga likelemba, atajibu maulizo yenu. Mwenye kutaka mambo ya viza aje na daftari.