Hofu Iliyobaki Maruku: Mchungaji na Matibabu ya Ugonjwa wa Wasiwasi

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba, yalikuwa homa ya virusi vya Marburg. Hadi tarehe 2 Juni, mlipuko ulipotangazwa kwisha, walioorodheshwa kuugua walikuwa 9, na 6 kati yao walikuwa wamefariki. Ikilinganishwa na misiba mingine iliyoipata Kagera, hesabu hiyo ni ndogo. Lakini watu zaidi ya 160 waliwekwa chini ya uangalizi wa siku 21 kwa kuwa waligusana na wagonjwa. Kwa mtu wa namna hiyo kila joto la mwili, kila kuumwa kichwa, huwa swali la kufa au kupona. Tena ugonjwa huu humnyang'anya mfiwa faraja yake: maiti haioshwi na jamaa, na umati haukusanyiki kibanjani kuketi matanga. Hofu hukosa mahali pa kutokea.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi hofu inavyogeuka kuwa ugonjwa, na jinsi ugonjwa huo unavyotibiwa kwa watu wazima na kwa watoto. Tunaandika kwa ajili ya wachungaji na wanafunzi wa uchungaji, maana aghalabu mgonjwa wa namna hii hubisha hodi kwa mchungaji kabla ya kwenda kwa mganga.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Aliyenawa mikono kwa bidii mwezi wa Aprili 2023 alikuwa na akili timamu. Twasema ugonjwa pale ambapo hatari imepita nayo hofu imebaki, ikamzuia mtu kulala, kulima, kwenda sokoni au kushiriki ibada. Wengine huwa na wasiwasi wa kila jambo kwa miezi sita au zaidi. Wengine hupatwa ghafla: moyo hudunda, pumzi hupungua, mikono hutetemeka, na mtu huamini kwamba anakufa, kisha hali hutulia, mara nyingi kwa muda usiofika nusu saa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya jamii hii.

Mkoa wetu una kumbukumbu yake ya jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misioni huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudishwa nyumbani hali ilienea hadi Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, na baadaye ikafika hata Kanyangereko. Madaktari Rankin na Philip, waliochapa taarifa yao mwaka 1963, hawakupata sumu wala kijidudu, na hakuna aliyekufa. Watu waliuita ugonjwa wa kucheka, na tangu hapo ulimwengu umeusimulia kama kichekesho. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Wale watoto walilia pia, walihangaika, walisema wanaogopa, na waliposhikwa walipigana. Mwili wa mtoto ulisema kile ambacho kinywa hakikuruhusiwa kusema.

Sasa tuje kwenye tiba. Tuseme mama mmoja wa Maruku, aliyemaliza siku zake 21 salama, hadi leo hashiki mkono wa mtu kanisani na huketi karibu na mlango ili atoke upesi. Kila anapotoka hupata nafuu, na nafuu hiyo humfundisha kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Hapo ndipo ugonjwa unapolishwa. Tiba ya mazungumzo iliyothibitishwa zaidi huanza kwa kumweleza mgonjwa mzunguko huo, kisha humsaidia kukikabili kile anachokiogopa hatua kwa hatua: leo aketi benchi la katikati, wiki ijayo amsalimu jirani mmoja kwa mkono, naye akae pale mpaka moyo utulie wenyewe. Hasukumwi, wala haachwi.

Dawa nazo zina nafasi yake. Zinazopendekezwa ni za jamii ya fluoksetini na sertralini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, kwa hiyo mgonjwa aonywe asiziache siku ya tano. Diazepamu hutuliza mara moja, na kwa sababu hiyo hupendwa mno. Lakini ikitumiwa kwa muda mrefu mtu huizoea, na kuiacha ghafla kuna hatari. Mshirika anayeinunua dukani kila wiki apelekwe kwa daktari.

Luther mwenyewe aliyajua majaribu haya. Mwaka 1530, akiwa Coburg, alimwandikia Hieronymus Weller, aliyekuwa akiwafundisha watoto wake, akimshauri aepuke upweke na atafute watu wa kuzungumza nao na kucheka nao. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Wengi wetu tumewaambia wagonjwa neno hilo, tukidhani twatumia Wafilipi 4:6, nasi tumewaongezea mzigo wa pili. Eliya chini ya mretemu alipewa kwanza usingizi na mkate. Maswali yalikuja baadaye.

Watoto huonyesha hofu kwa njia nyingine: kuumwa tumbo asubuhi, kukojoa kitandani, kumng'ang'ania mama, kukataa shule. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapwa mwaka 2008, wenye watoto na vijana 488, ulionyesha kwamba asilimia 60 walipata nafuu nzuri kwa tiba ya mazungumzo peke yake, na asilimia 81 ilipounganishwa na sertralini. Kwa mtoto mazungumzo hutangulia, na wazazi hufundishwa pamoja naye. Wala si lazima mshauri awe daktari. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, ulifanyika utafiti wa watoto yatima 640 wenye majeraha ya moyo, na tiba ya mazungumzo ilitolewa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Katika maeneo matatu kati ya manne, watoto waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu zaidi mara ilipokwisha kuliko waliopata msaada wa kawaida. Vijijini Moshi tofauti haikuonekana, nasi tunalitaja hilo kwa sababu vijiji ndivyo tulivyo navyo.

Mgonjwa anayesema hataki kuishi, au asiyekula wala kulala, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mchungaji amsindikize akiweza. Kwa mtoto anayekataa shule, mwalimu wa shule ya Jumapili na mzazi wanaweza kupatana hivi: Jumatatu wamfikishe mtoto langoni tu, Jumanne mpaka mlangoni mwa darasa, Jumatano aketi kipindi kimoja huku mzazi akingoja chini ya mti, naye mtoto akiweza kumwona dirishani.