Somo la Biashara: Tuanzie Soko la Kariokor

Wazazi wengi katika vikundi vyetu hulipa karo kwa pesa za chama, halafu mtoto analeta D ya Biashara, somo lililomeza Uchumi mtaala wa 8-4-4 uliporekebishwa mwaka 2002. Kukesha akikariri noti hakutoshi. Panapowatatiza wengi ni mahitaji na ugavi.

Basi mpelekeni sokoni Kariokor, kwa akina mama wa vyondo. Bei ya kiondo ikishuka, watu hununua zaidi. Hapo mahitaji hayajabadilika. Kilichobadilika ni kiasi kinachonunuliwa, na kwenye grafu tunateremka mstari uleule. Lakini watalii wakifurika, bei ikiwa ileile, mstari wote wa mahitaji unahamia kulia. Je, mkonge ukipanda bei? Unaohama ni mstari wa ugavi, tena kushoto.

Mtoto amweleze mama haya kwa Kiswahili mpaka mama aelewe, kisha ayaandike kwa Kiingereza cha mtihani. Karatasi ya pili ya KCSE ina maswali sita. Anajibu matano, kila moja alama 20. Orodha tupu haitoshi, kila hoja aifafanue.

Kikundi kikikutana jioni, wapeni vijana kona yenye taa na karatasi za mitihani iliyopita.