Jicho, Jiwe na Moyo: Mihrabu za Kale za Pwani na Fahamu ya Mwenye Kusali

1.0 Utangulizi

Mihrabu za misikiti ya kale katika pwani ya Afrika Mashariki zimechunguzwa kwa muda mrefu, lakini zimechunguzwa hasa na wanaakiolojia. Garlake (1966) alizipanga kwa kufuata maumbo ya matao yake. Kirkman na Chittick walizitumia katika kukadiria umri wa magofu ya Gedi na Kilwa. Na Flury, aliyeyachambua maandishi ya Kizimkazi mwaka 1922, alishughulikia zaidi nasaba ya hati ya kikufi. Kazi hizo ni msingi ambao mtafiti wa leo hawezi kuupuuza. Hata hivyo, swali moja limeachwa pembeni: mihrabu humfanyia nini mtu aingiaye msikitini akiwa na udhu, akakaa kungojea sala?

Makala haya yanalijadili swali hilo. Yanadai kwamba nakshi ya mihrabu haikukusudiwa kutazamwa kama mtu atazamavyo pambo la sebuleni, bali ilikusudiwa kuihamisha fahamu yake kutoka katika shughuli alizokuja nazo na kuielekeza mahali pengine. Dai hili lina wapinzani, na hoja zao si nyepesi.

2.0 Jiwe na Mahali Pake

Kuta za misikiti ya kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na kupigwa lipu. Mihrabu, kwa upande mwingine, mara nyingi ilichongwa katika tumbawe la baharini lenye chembe laini, lililokatwa likiwa bado bichi. Tumbawe hilo huchongeka kwa urahisi likiwa na maji, na likikauka huwa gumu. Fundi, kwa hiyo, alifanya kazi akishindana na jua. Pengine ndiyo sababu nakshi za pwani zina mistari iliyokatwa kwa uhakika, isiyoonyesha dalili za kusitasita wala za kurudiwarudiwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni mahali nakshi hiyo ilipowekwa. Mtu anayeingia katika msikiti wa aina hii hukutana na weupe wa chokaa kila upande. Mwanga ni hafifu, dari liko chini, na nguzo ni nene. Hakuna kitu cha kulishika jicho ila upande mmoja tu, ukuta wa kibla, ambao katika pwani hii huelekea kaskazini. Hapo ndipo palipo na matao yaliyoingia ndani ya matao, kila moja likiwa dogo na la ndani zaidi kuliko lililotangulia, pamoja na nakshi za kamba zilizosokotwa na za maua yaliyofumbatana. Kivuli huzidi kadiri jicho linavyoingia ndani. Mwisho wa safari hiyo ya jicho hakuna sanamu wala sura ya kiumbe. Kuna shimo la ukuta linaloelekea upande ambao hauonekani. Jicho limeitwa kwa uzuri, kisha likanyimwa kitu cha kukamata. Kunyimwa huko ndiko kunakougeuza utazamaji kuwa kitu kingine. Fahamu iliyokwisha kukusanywa na kuelekezwa upande mmoja, isipopata umbo la kutua, hubaki na mwelekeo mtupu, na mwelekeo ndio maana ya kibla.

Ipo hoja inayoelekea kuubomoa ufafanuzi huu. Katika misikiti kadhaa ya kale, ukiwemo Msikiti Mkuu wa Gedi, safu ya katikati ya nguzo imesimama sawasawa na mihrabu, kiasi kwamba mtu aliye nyuma huona nguzo badala ya nakshi. Kama mihrabu ilikuwa ya kuonwa, kwa nini izibwe? Jibu la kiufundi ni la kweli: urefu wa boriti za mikoko uliweka mpaka wa upana wa dari, na nguzo zilihitajika. Lakini mafundi wangeweza kuchagua idadi ya safu inayoacha njia wazi katikati, na mahali pengine walifanya hivyo. Inaelekea, basi, kwamba kuonekana kwa mihrabu kutoka kila pembe hakukuwa sharti. Aliyetaka kuiona alilazimika kusogea, kuinamisha shingo, au kuwahi safu ya mbele. Aliyekaa nyuma alijua ipo. Kitu kinachojulikana kuwa kipo nyuma ya nguzo kina nguvu yake juu ya moyo, na yeyote aliyewahi kumsikia imamu akisoma bila ya kumwona hahitaji kuelezwa zaidi.

3.0 Maandishi Yasiyosomeka Upesi

Mfano mashuhuri kuliko yote uko Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Maandishi yake ya kikufi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani hii. Sehemu kubwa ya jengo lenyewe ni ya karne ya 18, msikiti ulipojengwa upya. Waliojenga waliyaheshimu maandishi ya wahenga wao wakayabakiza upande wa kibla. Msikiti huo bado unasaliwa.

Hati hiyo ni kikufi cha maua: ncha za herufi zimechipuka majani, na vishina vyake vimerefushwa kupita mahitaji ya kusoma. Hata mtu mwenye ujuzi wa Kiarabu huhitaji muda kuitambua herufi moja baada ya nyingine. Wako wanaoona jambo hili kuwa ni kasoro, kwamba uzuri umeishinda maana. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Waumini wengi walizijua kwa moyo aya zinazotumika sana misikitini kabla hawajaziona ukutani. Hawakuwa na haja ya kuarifiwa. Ukuta uliwapa kitu ambacho kukariri hakukupi, nacho ni ucheleweshaji. Ulimi uliozoea aya huweza kuipita bila ya moyo kuwa na habari. Jicho linalohangaika kuitenganisha alifu na lamu haliwezi kuipita. Linalazimika kukaa, na katika kukaa huko neno lililochakazwa na mazoea hurudishiwa uzito wake. Msomaji wa tendi za kale katika miswada ya hati ya Kiarabu ataitambua hali hii, kwa sababu hati ile, isiyoonyesha sauti zote za Kiswahili, humlazimisha kusimama katika neno ambalo katika chapa ya kirumi angelipita mbio.

4.0 Hoja ya Wapinzani

Wanachuoni hawakuliridhia pambo la msikitini kwa urahisi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, na baada ya sala akaamuru irudishwe kwa Abu Jahm aliyeitoa, kwa kuwa ilimshughulisha. Al-Ghazali, ambaye Ihya yake ilisomwa na wanazuoni wa pwani, anamshauri mwenye kusali aitafutie macho yake kinga: asali mahali penye giza, na aepuke mahali palipochorwa na mazulia yenye rangi. Kwa mtazamo huo jicho ni mlango wa mwizi.

Wapo watetezi wa sanaa wanaojaribu kuikwepa hoja hii kwa kusema kwamba ni ya watu wasioelewa uzuri. Hilo haliwezi kusemwa juu ya Al-Ghazali. Anachokielewa ni kwamba nguvu ile ile inayokusanya moyo inaweza kuutawanya. Ufumbuzi unapatikana katika fikihi yenyewe: mwenye kusali hutakiwa kuelekeza macho mahali pa kusujudia. Baada ya takbira ya kuhirimia sala, mihrabu haitazamwi tena. Kazi yake imefanyika kabla, katika dakika za kungojea, na itafanyika tena baada ya salamu, wakati wa nyiradi. Ni kama mwenyeji anayempokea mgeni mlangoni na kumfikisha kwa mwenye nyumba, kisha akajitenga.

Mafundi wa kale waliuelewa mpaka huo, na ushahidi ni ule uchache wa nakshi ambao umekwisha kuelezwa. Nakshi ilibanwa mahali pamoja. Hili linafaa kukumbukwa na wanaokarabati misikiti hivi leo. Mahali pengi vigae vya kiwandani vyenye maua vimetandazwa kuta zote nne, na mihrabu ya jiwe imepakwa rangi ya mafuta ikafunika ncha za nakshi. Kinachopotea si ukale tu. Jicho likiwa na maua kila upande halina tena mahali linapoitwa, na onyo la Al-Ghazali, ambalo lisingeihusu sana mihrabu ya kale, linaihusu hali hii mpya barabara.

5.0 Zidaka Tupu

Pamoja na kuchonga, wajenzi wa pwani walipachika bakuli na sahani za mng'ao, nyingine kutoka Uchina na nyingine kutoka nchi za Kiislamu, katika mihrabu, katika makaburi ya nguzo kama yale ya Kunduchi, na hata katika makuba ya Msikiti Mdogo wa Kilwa Kisiwani. Majumbani zilipangwa katika zidaka. Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, alieleza kwamba vyombo hivyo vilidhaniwa kukinga kijicho. Maelezo hayo yanasaidia, ingawa hayatoshi kueleza kwa nini mng'ao uliwekwa pia juu ya kichwa cha mwenye kusali, mahali ambapo hakuna mgeni wa kumhofu.

Hapa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inatoa ushahidi ambao akiolojia haiwezi kuutoa. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, na ili kuutikisa anauongoza katika majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Miongoni mwa anayouonyesha ni zidaka zilizokuwa na vyombo vya thamani, ambazo sasa zimekuwa makao ya ndege. Jina la utenzi lina maana ya kufunuka, na ufunuo huo unapitia machoni. Moyo hauonywi kwa kanuni tupu, bali huambiwa utazame. Kidaka kile kile kilichomtangazia mgeni utajiri wa mwenye nyumba kinautangazia moyo upotevu wa dunia, baada ya kuondolewa kilichokijaza.

Katika magofu mengi ya pwani, bakuli zimeng'olewa. Baadhi zimehifadhiwa katika makumbusho, nyingi zimeibwa, na kilichosalia katika chokaa ni vishimo vya mviringo vyenye alama ya kitako cha chombo. Wahifadhi hujadiliana kama vishimo hivyo vijazwe kwa bakuli za kuiga ili mgeni aone jinsi palivyokuwa. Msomaji wa Al-Inkishafi ataingia katika mjadala huo akiwa na swali tofauti na la mhandisi.